Kitambaa cha Mwantumu

Kitambaa kisichomlisha mfumaji hakimlishi mgeni. Methali hii mmeisikia kwa shangazi yenu, mmecheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Basi sikilizeni: ilizaliwa katika ugomvi, nao ulikuwa umeshapamba moto.

"Kirudishe sandukuni!" Bi Mwanaheri alifoka. "Hicho ni cha wageni!"

Mwantumu, mke wa mwanawe, alisimama uani na kitambaa cha sufra kwapani, kile cha kutandika juu ya mkeka watu wakila. Alikifuma mwenyewe, maua mekundu pembe zote, mpaka vidole vikaota sugu. Lakini katika nyumba ile wanaume na wageni ndio waliokula juu yake, sebuleni. Wanawake waliopika walingoja jikoni, wakala mabaki humo humo sufuriani.

Siku hiyo waliotarajiwa ni jamaa za mchumba wa wifi yake. Mwantumu alitupa jicho jikoni, akamwona bintiye Kibibi amechuchumaa, anakwangua ukoko kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Hapo moyo wake ukagoma.

"Sirudishi, mama."

"Mikono yenu imejaa bizari. Mtakiharibu!"

"Na ya wageni imejaa nini, marashi? Idi iliyopita walikimwagia mchuzi wa samaki. Nani alikifua?"

"Wewe. Mwenye nyumba ndiye afuaye."

"Kumbe mikono hii inafaa kufuma, inafaa kufua, ila kula ndiyo haifai?"

Mawifi zake waliokuwa jikoni wakaziba midomo kwa kanga, lakini kicheko kiliwaponyoka.

"Huna haya, mkaza mwanangu! Watu watasema nini?"

"Watasema nyumba hii wanawake wake wanakula. Kitambaa kisichomlisha mfumaji hakimlishi mgeni, mama. Nimemaliza."

Akakunjua mkeka pale pale uani, akatandika kitambaa, akapakua sinia la kwanza la pilau na kuliweka katikati.

"Kibibi! Acha huo ukoko, njoo ukae hapa ubavuni mwangu. Na nyie mawifi, mnangoja kuposwa nyote?"

Wakaketi. Mara hodi ikapigwa mlangoni. Bi Mwanaheri akabaki ameshika kiuno. Mwantumu hakuinuka. Alisema bismillahi, akafinyanga tonge, akalitia kinywani mwa Kibibi, kisha akapaza sauti:

"Karibuni! Piteni huku uani, nafasi ipo!"

Ndiyo maana twasema, kitambaa kisichomlisha mfumaji hakimlishi mgeni.