Takia la Bi Kidawa

Sogeeni. Mwenye kitu mdomoni ameze, na mwenye jibu alishike kwanza, maana mwisho wa hadithi hii nitawauliza, na mimi mwenyewe jibu sina. Haina sungura, wala haiishii kwenye pilau. Anayetaka pilau aende kwa jirani.

Palikuwa na mtaa wa mafundi cherehani katika mji ambao sitautaja, kwa kuwa wenyewe wangali hai na bado hawasemezani. Mtaani humo walikuwako wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwanahija, fundi wa kukata na kushona. Kipaji chake kilikuwa jicho. Alikutazama mara moja tu ukipita njia, akakata kitambaa bila kukupima, na gauni likakukaa. Alikuwa na kasi kubwa kwenye cherehani, na sindano zilimvunjikia mara kwa mara.

Wa pili ni Siajabu, mfagizi wa mtaa. Kipaji chake ni kwamba hakimpiti kitu. Kila jioni alizunguka vibaraza vya mafundi, akafagia vipande vya vitambaa na kuvitia guniani. Sindano zilizovunjika, pini zilizopinda na nyembe zilizokwisha makali aliziokota kwa vidole vyake, akazidondosha katika kopo la maziwa ya unga ambalo kifuniko chake alikitoboa tundu dogo. Kopo likijaa alilifunga kwa utepe wa nailoni, akalitumbukiza katika shimo la choo cha zamani kisichotumika tena, mahali ambapo hakuna atakayechimba. Watoto wa mtaa ule walicheza pekupeku kutwa nzima, na hakuna aliyewahi kuchomwa.

Wa tatu ni Mboni, mjazaji wa mito. Huyu alivichukua vile vitambaa vya guniani, akavichambua na kujazia mito na matakia. Kipaji chake kilikuwa mikono. Mto alioujaza yeye hukuweza kupata donge hata ukitafuta. Kabla ya kujaza alivimwaga vitambaa mkekani, akavipiga fimbo, kisha akapitisha sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Kama kuna chuma kimejificha, sumaku ilikidaka.

Mnaona? Mtaa ulikuwa na kopo, tena ulikuwa na sumaku. Nasema hivyo kwa sababu watu wa mbali wakiisikia hadithi hii hucheka na kusema, "Hao hawakujua hatari ya sindano." Walijua, jamani. Hilo ndilo linaloniuma.

Tena mtaa ule ulikuwa na mwiko wake. Mtu hapewi sindano mkono kwa mkono. Mkipeana hivyo, walisema, lazima mtagombana. Ukitaka kumpa mwenzako, unaichomeka kwenye kitambaa, unaiweka chini, naye anaiokota mwenyewe. Maneno hayahitajiki.

Basi, hapo hapo mtaani aliishi Bi Kidawa, mjane asiye na mtoto, mdarizi wa kofia. Wanaume walitoka miji mingine kuja kuagiza kofia ya kuolea kwake. Ndiye aliyewafundisha hao watatu kutunga uzi sindanoni walipokuwa wadogo. Mkono wake wa kulia ndio uliokuwa mume, ndio mtoto, ndio shamba. Lakini miaka ya kuinama ilimwumiza kiwiko, akawa anadarizi huku anagumia.

Siku moja Mwanahija akawaambia wenzake, "Jamani, Bibi anateseka. Tumshonee takia la kuegemeza mkono. Tusimwambie kitu, tumshtukize Ijumaa asubuhi."

"Vitambaa nitatoa mimi," akasema Siajabu, "vile laini tupu."

"Na kujaza niachieni mimi," akasema Mboni. "Mkono wa Bibi utalala hapo mpaka ukorome."

Wakacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nitakayowaambia kwamba walicheka.

Alhamisi Mwanahija alikuwa anamalizia foronya ya takia, sindano ikavunjika. Kopo la Siajabu lilikuwa kibaraza cha pili, wala si mbali. Akawaza, nikiinuka sasa nitachelewa, na Siajabu atapita, na Siajabu hakimpiti kitu. Akakichomeka kipande chenye ncha katika kitambaa cha zambarau, akakiweka chini kama ilivyo desturi. Akatia sindano nyingine, akaendelea.

Jioni Siajabu akapita, akakiona. Alikiona vizuri kabisa. Lakini kopo lilikuwa limejaa hadi kwenye tundu, na kopo jingine hakuwa nalo. Alikuwa amewaomba mafundi wiki nzima, kila mmoja anasema kesho. Akawaza, nikiiacha hapa watoto wataikanyaga. Acha niitie guniani juujuu, kesho niitoe. Na hata nikisahau, Mboni ana sumaku. Akakitia guniani kile kitambaa, akaenda kupika.

Alfajiri Mboni akalifuata gunia kabla Siajabu hajaamka, ili takia liwahi. Akavimwaga vitambaa mkekani, akavipiga fimbo. Akainyooshea mkono sumaku, haipo. Alikuwa amemwazima wifi yake mtaa wa pili, aliyedondosha sindano kitandani. Akawaza, nikiifuata, Ijumaa itanipita. Na hivi ni vitambaa vya Siajabu, vimeshapita mbele ya kopo. Akajaza takia, akalishona mdomo.

Mwanahija alimwamini Siajabu. Siajabu akamwamini Mboni. Mboni naye akamwamini Siajabu. Sijui mtaa mwingine ambao watu waliaminiana kiasi hicho.

Wakampelekea. Bi Kidawa akalipapasa takia, akalia. "Wanangu," akasema, "mimi sikuzaa, lakini leo nimezaa." Akaegemeza kiwiko, akachukua kofia yake, akaanza kudarizi mbele yao ili waone.

Kesho yake, alipokuwa anavuta uzi, mkono ukalielemea takia na kitu kikamchoma chini ya kiganja. Akaliminya takia, ncha ikachomoza. Akaivuta kwa meno. Zahanati haikuwa mbali, na sindano ya pepopunda ilikuwepo. Angekwenda. Kila ninapofika hapa natamani kumshika bega na kumwambia, Bibi, nenda! Lakini aliwaza, nikisema, watoto hawa watatafutana uchawi, na zawadi yao itageuka matanga. Akapaka mafuta ya taa, akafunga kitambaa, akaendelea kuegemea lile lile takia.

Walipomwuliza mkono umefanya nini, alijibu, "Nimejichoma mwenyewe. Mimi na sindano ni wake wenza, hatuachi kuumizana."

Mkono ukavimba. Ukawaka moto, kisha ukaanza kuwa mweusi. Alipoanguka kwa homa wakambeba hospitali, na daktari akatazama mara moja, akasema wamechelewa. Bi Kidawa alirudi nyumbani mkono wake wa kulia umekatwa chini ya kiwiko.

Alipoachwa peke yake alijaribu kutunga uzi kwa mkono wa kushoto, sindano ameibana katikati ya magoti. Ikaanguka. Akaipapasa sakafuni asubuhi yote, na alipoipata hakuwa tena na nguvu ya kujaribu. Kofia ya mtu ilibaki nusu. Hakuna aliyekuja kuiulizia, na hilo lilimwumiza kuliko kama wangekuja.

Mwanahija ndiye aliyelifumua takia ili aifue foronya yenye damu. Kile kitambaa cha zambarau kikaanguka mapajani mwake, kina tundu, na tundu lina kutu. Akapiga kelele hadi mtaa ukajaa. Hapo ndipo yote yakajulikana, nani aliiweka chini, nani aliitia guniani, nani alijaza bila sumaku.

Wote watatu wakaenda kwa Bi Kidawa, wakapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani kawaita?"

"Bibi, tumekuja kuwa mkono wako," akasema Mwanahija. "Tutakuja kwa zamu."

"Zamu!" akasema Bi Kidawa. "Mkono wangu haukuwa na zamu. Nikiamka upo, nikilala upo. Zamu itaanza vizuri, kisha mmoja atasema leo si yangu, na wa pili atasema nilidhani ni yako. Si ndivyo mlivyonifanya?"



"Sikilizeni," akaendelea Bi Kidawa. "Namtaka mmoja. Ahamie humu. Aache cherehani yake, au ufagio wake, au mito yake. Anilishe, aniogeshe, anifunge kanga, mpaka mnizike. Na awe ndiye mwenye kosa. Asiye na kosa arudi kwake akalale usingizi wake. Mimi sitamnyang'anya mtu maisha yake bure kama nilivyonyang'anywa yangu."

Mwanahija akasema huku analia, "Mimi niliiweka chini kama ulivyotufundisha wewe mwenyewe, Bibi. Nilimwekea mwenye kazi yake. Na nikiiacha cherehani, wale yatima wa dada yangu watakula nini?"

Siajabu akasema, "Nimeomba kopo mtaa mzima, nani alinipa? Ningeiacha chini, leo tungekuwa tunamlilia mtoto. Na mimi nikihamia humu, nani ataziokota sindano huko nje?"

Mboni akasema, "Ninyi wawili mliiona kwa macho yenu. Mimi sikuiona. Mnataka nimwache mume wangu kitandani, asiyeweza hata kujigeuza, kwa kitu ambacho sikukiona?"

"Ulikuwa na kazi moja, sumaku!" akapaza sauti Siajabu.

"Na wewe ulikuwa na kazi moja, kopo!"

"Na aliyeanza je? Si huyu aliyeona uvivu kuinuka?"

Majirani waliowafuata nao wakagawanyika. Wengine walisema kosa ni la aliyeanza, maana bila yeye hakuna hadithi. Wengine wakasema ni la aliyejua akanyamaza, kwani Siajabu peke yake ndiye aliyeitia guniani huku anaiona. Wengine wakasema ni la wa mwisho, kwa sababu mlango wa mwisho ndio unaofungwa kwa komeo. Kisha mtu mmoja nyuma, sikumjua ni nani, akasema polepole, "Na mwenyewe je? Aliitoa kwa meno yake, akaficha."

Bi Kidawa alikuwa amesikia.

"Ni kweli," akasema. "Nilijua. Nilificha ili wasigombane, na sasa tazameni wanavyogombana. Mkiamua kosa ni langu, mimi nitakubali. Sitamlaani mtu. Mkiondoka mnirudishie mlango tu, siwezi kuufunga vizuri."

Akainuka ili aingie chumbani, na kanga ikamfunguka kifuani. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuichomeka, ikateleza. Akajaribu tena. Wale watatu wakaona. Kila mmoja alinyoosha mkono, na kila mmoja akaurudisha, kwa sababu atakayeifunga kanga ile atakuwa amekiri mbele ya mtaa mzima kwamba ni yeye.

Bado wako pale mlangoni, wamepiga magoti. Bado amesimama, ameishika kanga yake. Mimi siwezi kuwasogeza. Nimejaribu, na kila nikimwinua mmoja naona nimemwonea.

Haya, ninyi mlioyasikia yote, mliojua tangu mwanzo sindano iko wapi. Je, wewe ungeamua vipi? Nani umwambie ainuke, amfunge Bi Kidawa kanga?