Jua Halina Mkwe

Mtu alikatwa sikio. Hapo ndipo ilipoanzia methali mnayoniuliza, ile ya kwamba jua halina mkwe. Jana mlimsikia mke wangu akimwambia kijana aliyekuja kumchumbia binti yetu airudishe kofia yake kichwani, mkacheka. Mimi sikucheka. Kaeni niwaeleze, maana nilikuwepo, na katika kosa lile nina fungu langu.

Dada yangu Nshoma alichumbiwa na Luhende, mtu mwenye ualbino kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Wakati ule tulimwita zeruzeru, tena mbele yake, bila aibu. Mama yake alikuwa amemlea kwa kofia. Pama pana la ukindu na shati la mikono mirefu, hata akienda kisimani tu. Akafika miaka ishirini na minne bila kidonda hata kimoja.

Kwetu mchumba haleti mahari tu. Hufanya kazi kwa baba mkwe kiangazi kimoja, ionekane kama ana mikono. Luhende alipewa kuchimba majaruba mapya ya mpunga, yaani kuinua kingo za udongo mkavu kwa jembe mwezi wa tisa, wakati angani hakuna wingu. Na kwetu pia, mkwe hasimami mbele ya baba mkwe akiwa na kitu kichwani. Hakuna aliyemwambia Luhende avue. Alilelewa vizuri, alijua mwenyewe.

Baba yetu, mzee Ng'wandu, alimpenda kijana yule tangu siku ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Mkwe asiyependwa hulima peke yake. Anayependwa, baba mkwe humfuata shambani kumpa heshima. Basi kila siku saa nne baba alifika na kigoda chake, akaketi ukingoni na kofia yake kichwani, akakaa mpaka saa tisa akimsimulia habari za ng'ombe. Luhende akimwona kwa mbali, alivua pama, akalitundika kwenye mti wa mgunga, akaendelea kuchimba.

Siku ya tatu Nshoma alipeleka uji shambani. Aliporudi alinifuata.

"Kaka, mwambie baba asiende shambani."

"Kwa nini? Anamheshimu mchumba wako."

"Shingo ya Luhende imekuwa nyekundu kama nyanya. Masikio yanachubuka."

"Mwambie wewe."

"Mimi nikamweleze baba habari za ngozi ya mwanaume? Una akili kweli?"

Nikamcheka. "Mwanaume anaogopa jua? Akivaa kofia mbele ya mzee, watu watasema tumekuoza kwa mtu asiye na adabu."

Nikaenda zangu kucheza bao.

Nshoma akamshauri Luhende aanze kazi alfajiri ili saa nne awe amemaliza. Akafanya hivyo. Baba aliposikia mkwe wake anaamka kabla ya jogoo, alifurahi mno, akamwongezea jaruba jingine, saa nne ikawa inamkuta bado anachimba. Mchapakazi ndiye anayepewa kazi.

Harusi ilifungwa, watu wakala. Lakini nyuma ya sikio la kushoto la Luhende palibaki kidonda. Alikipaka mafuta ya mgando, akavuta kofia chini kukificha. Mwaka ukapita, kidonda kikakua. Mwaka wa pili kikaanza kunuka, na Nshoma akamburuta hospitali. Wakamwambia ni saratani. Wakakata.

Aliporudi nyumbani nilikwenda na baba kumjulia hali. Luhende alikuwa kitandani, kichwa kimefungwa bendeji. Baba aliketi, akauliza, "Hiki kitu kilianza lini?"

Luhende akatazama ukuta. Nshoma ndiye aliyejibu. "Kwenye majaruba, baba."

"Majaruba yangu?"

"Alikuwa anavua kofia ukifika."

Baba alimgeukia mkwe wake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, baba? Ulikuwa umekuja kunitazama."

"Nilikuja kukuheshimu. Ningejua, ningekaa nyumbani nilale."

"Na mimi nilivua kukuheshimu." Luhende alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye maumivu. "Sisi wawili hatukukoseana adabu. Jua tu ndilo halina mkwe."

Baba aliinama. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na sikutaka kumwona, nikatazama miguu yangu. Nilijua kwamba neno aliloniomba Nshoma lingetosha. Nikalisema pale, kwa kuchelewa. "Baba, mimi niliambiwa. Nikacheka."

Baba alisimama, akavua kofia yake, akaiweka juu ya bendeji ya Luhende, polepole, isimguse penye kidonda. Luhende akataka kuivua, mazoea hayo. Baba akamshika mkono.

"Ukivua tena mbele yangu, umenitukana."

Tangu siku ile, mchumba akija kwetu na kofia, wakwe wenyewe humwambia avae. Awe mweupe au mweusi, ngozi ni ngozi. Na akianza kubisha, huambiwa jua halina mkwe. Sasa mnajua methali hii haikutungwa kwa ajili ya kuchekesha watu.

Luhende yu hai, ana wajukuu, na bado analima, asubuhi na jioni tu. Lakini mmeniuliza, basi nawahesabia. Siku ishirini na sita za kuchimba kichwa wazi. Majaruba tisa, na la kumi la nyongeza. Sikio moja la kushoto, lote. Kipande cha shingo cha ukubwa wa kiganja. Safari saba za hospitali, na misimu miwili ya mpunga ambayo Nshoma alilima peke yake. Na pama, siku zote ishirini na sita, lilikuwa pale pale kwenye mgunga, hatua kumi kutoka alipokuwa anachimba.