Mkwaju wa Mwanaesha na Miti ya Milangoni

Hapo zama mji wa Manzili ulitawaliwa na Sultani Sarhani bin Mudrik, mwenye farasi mia na kasri la marumaru, na mji wote ulikuwa hauna kivuli, kwa kuwa miti ilikwisha kukatwa kwa ajili ya boriti za kasri hilo. Ulibaki mkwaju mmoja tu, kando ya kisima, katika mtaa wa watia rangi nguo. Aliupanda Mwanaesha, mke wa Shekue mtia rangi, naye Mwanaesha alifariki miaka mitatu kabla ya habari hizi. Kila adhuhuri Shekue aliketi chini yake, na hakumweleza mtu kwa nini.

Siku moja Sultani akataka mbao za mlango mpya, akatuma watu wenye mashoka waukate mkwaju. Shekue akaenda barazani akapiga magoti, akasema, "Ewe maulana, chukua nyumba yangu na vyombo vyangu, uniachie mti huu."

Sultani akacheka. "Kivuli kinakufaa nini, ewe mtia rangi? Haya, sikiliza. Siku ya arubaini, saa sita ya mchana, nitatembea kichwa wazi kutoka kisimani kwenu hadi kwenye lango langu. Jua lisiponigusa paji la uso, mti wako utasimama. Likinigusa, utaanguka, na shingo yako pamoja nao."

Shekue akarudi, akaukumbatia mkwaju, na mara gome likapasuka na akatoka jini mrefu, ndevu zake za kijani zikifika magotini.

"Mimi ni Kafuri," akasema, "nimefungwa kuutumikia mti huu tangu Mwanaesha aliposoma Bismillahi na kuufukia. Naweza kukuza mche mwaka mzima kwa siku moja. Lakini kila mtu huniamuru mti mmoja tu, alioupanda kwa mkono wake, mlangoni pake. Kutoka hapa hadi langoni kuna milango mia mbili na arubaini. Peke yako utapata mti mmoja."

Basi Shekue, ambaye kwa miaka mitatu hakubisha hodi kwa mtu, akanunua miche mashambani nje ya mji, akabisha hodi. Mlango wa kwanza ulikuwa wa jirani yake, Bi Kidawa.

"Majani yaangukie nguo zangu nilizoanika?" akafoka Bi Kidawa. "Shekue, miaka mitatu hata salamu huitikii, leo waja na kijiti!"

"Nisamehe, dada."

Bi Kidawa akaufungua mlango wote. "Nimekusamehe. Lete mche. Na jembe ulete, maana mimi sichimbi kwa kucha."

Akapanda, kisha akatoka naye, na asiyemfungulia Shekue alimfungulia Bi Kidawa kwa kuogopa ulimi wake. Kwa siku mbili miti ikapanda kama moshi. Siku ya tatu majani yakawa ya buluu, yakanyauka, na Kafuri akatoka akikohoa povu la nili. "Mnaniua!" akalia. Kumbe watia rangi, waliozoea kutotupa kitu, walimwagilia miche mabaki ya mapipa yao.

"Hakuna tena maji ya rangi!" akapiga kelele Bi Kidawa. "Kuanzia leo kila mtu atatawadha chini ya mti wake!"

Wakatawadha mara tano kwa siku, na hata wavivu wa sala wakaonekana wakiosha miguu kwa bidii, na miti ikafufuka, na ndege wakarudi, na kila asubuhi mtaa mzima ulikuwa vifijo.

"Wako umefika wapi?"

"Dirishani!"

"Wangu umepita paa, muulize kunguru!"

Siku ya arubaini Sultani akavua kilemba kisimani. Akatembea chini ya mizambarau na miembe, na watu wakamfuata wakihesabu milango kwa sauti, mia, mia mbili, mia mbili na arubaini! Pale akasimama. Mbele yake zilibaki hatua kumi za marumaru, zikiwaka jua. Waziri wake akashika shoka. Shekue akafumba macho.

Bi Kidawa akajipenyeza akiwa na mche mkononi. "Maulana, kila mtu amepanda mlangoni pake. Huu ni mlango wa nani?"

Sultani akaitazama njia aliyopita, kisha akautazama uwanja wake, na baridi ya kivuli bado ilikuwa shingoni mwake.

"Ni wangu," akasema. "Ng'oeni jiwe."

Akapiga magoti kivulini, akanyoosha mkono, akaufukia mche, na Kafuri akacheka kwa furaha hata akasahau sharti la mwaka kwa siku, akauvuta mti ukapaa juu ya lango palepale. Sultani akapita, na jua halikumgusa.

Akaamuru asifungishwe mtu ndoa katika Manzili kabla bwana na bibi harusi hawajapanda kila mmoja mti wake, na wa kwanza kuinama alikuwa binti yake mwenyewe. Na nguo zilizoanikwa kivulini hazikupauka, wafanyabiashara wakazigombea, na mtaa ukatajirika, Bi Kidawa mbele ya wote. Kwa hiyo ajuaye kivuli alichopewa na aliyemtangulia, naye ampandie anayekuja, tena asipande peke yake.

Shekue aliendelea kuketi chini ya mkwaju kila adhuhuri, lakini sasa majirani waliketi naye, na mgeni alipouliza ni mti wa nani, alijibu, "Aliupanda mke wangu. Jina lake Mwanaesha."