Kiboko Alivyotaka Kuitwa Arudie

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Niwaletee nini?"
"Lete uwongo wako, masikio tunayo wenyewe!"

Haya. Kabla sijaanza niungame: shule niliishia darasa la nne, na sifa nazipenda kuliko ugali. Mungu ananijua. Sasa sikilizeni.

Hapo kale Kiboko alikuwa mwimbaji wa harusi zote za mtoni. Tumbo, hili hapa! Sauti, hoo-hoo-hooo! Nyenje, kidudu cha majanini, alikuwa mwitikiaji wake. Kiboko akiimba hoo-hoo-hooo, Nyenje anaitika nyiii-nyiii. Chungu cha asali ya waimbaji kikija, Kiboko anakunywa asali, Nyenje analamba ukingo.

Siku moja Nyenje akaitika, wageni wakageuza shingo. "Nani huyo mwenye sauti tamu?" Kiboko akasikia. Moyo ukamchoma, chwii! Kesho yake akamwambia, "Mwanangu, kapumzike nyumbani. Usirudi."

Nyenje akakaa nyumbani. Kila siku wimbo wake ni huo huo: Kiboko amealikwa kwa Pundamilia. Kiboko amevishwa shada la maua. Kiboko ana wake wawili, na wote wanamsikiliza!

Mkewe akachoka. "Baba Tatu, unamwonea wivu mwenzio."

"Mimi? Wivu? Hata! Namwombea tu kwa Mungu apaliwe."

Ikaja harusi ya binti wa Bi Tembo. Na pale mtoni kulikuwa na desturi mbili. Anayefunga shughuli ya Bi Tembo ndiye anayeimba harusi zote za mwaka ule. Halafu, mwimbaji akiitwa "Rudia!" haondoki uwanjani; akiondoka, amemtukana mwenye shughuli.

Nyenje akaenda mapema, akamkuta Kiboko nyuma ya matete, peke yake, anasukutua koo. Gulu-gulu-gulu.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Nilisema usirudi."

"Sikuja kuimba, bwana. Nimekuja kukushangilia."

Kiboko akatazama huku na huku. Kisha akainamisha lile jichwa lake mpaka kwenye majani, akanong'ona. "Nyenje, niambie kweli. Bado wananipenda? Juzi kwa Pundamilia walipiga makofi, lakini mmoja alipiga miayo. Nilimwona."

"Wanakupenda, bwana. Wanaona haya tu kuita."

"Basi waanzishie wewe! Nikimaliza, ita 'Rudia!' Wakinyamaza, ita tena. Usichoke."

"Nisichoke kabisa?"

"Ukichoka nitakukanyaga."

"Nimesikia, bwana mkubwa. Sitachoka."

Jua likapanda. Kiboko akaingia uwanjani, ti! ti! ti! Akaimba, hoo-hoo-hooo!

"Rudia!" ikatoka majanini.

Wageni wakadakia, "Rudia! Rudia!" Kiboko akatabasamu mpaka meno ya nyuma. Akarudia, hoo-hoo-hooo!

"Rudia!" ikatoka chini ya mkeka. Akarudia. "Rudia!" ikatoka nyuma ya vyungu. Nyenje ndivyo alivyo: unamsikia hapa, ukimtafuta hapa hayupo.

Mara ya nne, hoo-hoo. Mara ya tano, hoo. Jasho, tiriri! Wageni walikuwa wameshanyamaza zamani, macho yao yako kwenye sufuria za pilau. Na Kiboko alijua ni nani anayeita. Si alimtuma mwenyewe? Angeinua mguu akasema, "Nyenje, basi." Lakini kila aliposikia "Rudia!", moyo wake ulimwambia: labda huyu ni mwingine. Labda huyu ni wa kweli.

Mara ya saba akafungua kinywa. Khrrr.

Bi Tembo akasimama, mkonga juu. "Jamani! Harusi ya mwanangu ifungwe kwa kikohozi?"

"Nipo, mama!" Nyenje akaruka juu ya chungu, pwa! Akaimba, nyiii-nyiii-nyiii. Vigelegele vikapasuka. Asali akapewa yeye. Harusi za mwaka mzima akapewa yeye.

Kiboko akamwendea polepole, sauti imebaki pumzi tu. "Nyenje. Katika zile 'Rudia' zote, hakuna hata moja uliyoisema kwa moyo?"

Nyenje alikuwa na jibu. Ile ya kwanza ilikuwa ya moyo. Wimbo ule aliupenda tangu utoto wake. Lakini akautazama mdomo wa chungu, akasema, "Mimi nilifanya ulivyoniagiza, bwana mkubwa."

Kiboko akampa mgongo. Akateremka majini, chubwi! Yumo mpaka leo, mwili wote ndani, masikio tu nje, anasikiliza kama kuna anayemwita.

Hapo ulimi wangu umefika nyumbani. Kama imewakolea, mshukuruni Mungu; kama imepooza, nisameheni mimi.

Na funzo? Funzo ni kwamba tusioneane wivu, maana wivu hauna faida. Nyenje alipata asali, akapata harusi, akapata jina. Zaidi ya hayo hakupata kitu. Mimi mwenyewe wivu nimeshautubu. Kwenye kwaya yetu kuna dada mmoja, Veridiana, anasimama mbele peke yake na kitambaa chake kichwani, na kila mtu anamsifu. Jumapili akimaliza wimbo wake, atakayeanza kuita "Rudia!" ni mimi. Kwa upendo tu, jamani. Kwa upendo.