Ndeshi Pimbi na Mteremko wa Theluji

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na meko na milango kama sisi, palikuwa na mlima mrefu wenye theluji. Karibu na kilele aliishi Pimbi mmoja, jina lake Ndeshi, pamoja na wanawe. Kila asubuhi walipanda vibao vyao wakateleza. Swiii!

Kule juu raha tupu! Theluji ilikuwa kavu, laini kama unga wa muhogo, na jua halikuiyeyusha upesi. Ukianguka, puu! Unainuka unacheka.

Siku moja akaja Nyati, kibao chake kikubwa kama mlango.

"Nyinyi wadogo, shukeni! Kuanzia leo huku juu ni kwangu."

"Lakini Bwana Nyati, nyumba yetu iko hapa!"

"Hameni!"

Wakahama. Kule chini theluji ilikuwa majimaji, mawe yamechomoza kila mahali. Kitindamimba wa Ndeshi akajaribu kuteleza. Pa! Akagonga jiwe, goti likachubuka.

"Mama, nataka nyumbani," akalia.

Ndeshi akamfuta machozi, naye moyo unamuuma. Kisha akapanda juu peke yake.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Umefuata nini tena?"

"Tugawane mlima mbele ya wanyama wote. Kila mmoja ateleze mara moja tu. Pale atakaposimama, ndipo pake siku zote."

Nyati alisikia neno kuteleza tu, mengine yalimpita. "Ho ho ho! Wewe mwepesi kama unyoya utafika wapi? Nitakuacha mbali!"

"Hata mimi naona hivyo," akajibu Ndeshi, ameinamisha macho.

Wanyama wakakusanyika karibu na kilele. Nyati akaapa mbele yao kushika makubaliano, akapanda kibao, akajisukuma. Swiiiii! Theluji ile kavu haikumzuia, na uzito wake ukazidi kumvuta.

"Nimeshinda! Nimeshi... Jamani, nasimamaje?"

Akaipita miamba. Akaipita theluji ya majimaji. Akatokomea msituni. Chubwi! Akazama kwenye tope hadi masikioni.

Zamu ya Ndeshi. Alijua akiteleza mno amekosa kila kitu. Akajisukuma kidogo tu, akakita miguu kwenye theluji. Tii! Akasimama.

"Hapa ndipo pangu!" akapaza sauti.

Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Nyati, umeapa mwenyewe!"

Ndeshi hakucheka sana. Alichukua kamba, akashuka na wenzake, wakamvuta Nyati, hima! hima! mpaka akatoka, masikio yamejaa tope.

"Pole, Bwana Nyati. Kuja kuteleza, karibu wakati wowote. Kutufukuza ndiyo basi."

"Nimesikia, mama," akasema Nyati kwa sauti ndogo.

Basi, wanangu, atumiaye nguvu kumwonea mdogo, nguvu hizohizo humwangusha.