Jina la Gharika

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana waliolowa bado wanaanika, palikuwa na mwanamke kando ya mto, jina lake Habona. Mumewe, Maro, alichukuliwa na gharika ambayo hakuna aliyeitabiri. Hakupatikana. Habona hakuwa hata na kaburi la kung'olea majani, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Tangu siku ile akashika kamba ya ukindu. Mvua ikinyesha, fundo. Jua likiwaka, nafasi ya kidole. Mto ukivunja kingo, fundo maradufu. Mvua, fundo, jua, nafasi, miaka kumi na tisa. Wenzake wakamcheka, "Shoga, unamfunga nani?" Naye moyoni akisema: ningalijua siku moja tu kabla, ningalimzuia mlangoni.

Akaja Mwatabu, mtabiri wa hali ya hewa. Akasema, "Bahari imepata joto. Vuli hii mvua ni kubwa. Ila sijui mto utavunja kingo lini, wala maji yatafika wapi." Watu wakaguna. Mwaka juzi aliwahamisha na mvua isije.

Habona akampelekea kamba. Mwatabu akaihesabu siku tatu, fundo kwa fundo, akaona jambo: mvua za mwanzo zikifuatana siku tano, mto huvunja kingo siku ya kumi na mbili.

Akaja Komora, mrina asali. Warina wa kule hawasemi nyuki wao wamehamia wapi, hata kwa wake zao, ukisema umeibiwa. Komora akasema. "Wamepanda kwenye mikuyu ya juu. Maji hayatafika pale." Kisha akainamisha kichwa. "Hata mwaka wa Maro walihama. Nilinyamaza."

Habona akaketi chini pale pale.

Mvua zikafuatana siku tano. Watu wakahamia mikuyuni. Siku ya kumi na mbili gharika ikaja, ikala nyumba, isile mtu.

Sasa, desturi ya kule, gharika kubwa hupewa jina la mtu, jina moja tu, na kila msimu wanawake huliita shambani kabla ya mbegu ya kwanza.

Komora akasema, "Nimevunja mwiko wa baba zangu, na mizinga yangu imeibwa yote. Iiteni Komora."

Mwatabu akasema, "Kamba ilikaa kimya, nyuki walikaa kimya. Mimi ndiye niliyeviunganisha, nikasimama mbele ya watu walionicheka. Iiteni Mwatabu."

Habona akasema, "Silitaki kwangu. Iiteni Maro. Asingepotea, nani angefunga fundo la kwanza? Nataka nimwite kwa sauti, kila mwaka, bila mtu kunionea huruma."

"Lakini Maro alifanya nini?" akauliza Komora. "Alikufa tu."

"Na wewe ulinyamaza tu."

Uamuzi ukabaki kwa wazee. Ardhi ilikuwa tayari, na Habona alisimama shambani, mbegu mkononi, akingoja aambiwe aite nani.

Haya, nyinyi mnaosikiliza mkiwa wakavu, msinitazame mimi. Je, nani alistahili kuitwa?