Jogoo Aliyepelekwa Kula Mashudu

Bi Nyamizi alimtamani sana jogoo wa Bwana Mkilanya kwa ajili ya tetea wake. Alikuwa jogoo wa kishingo, shingo nyekundu isiyo na hata unyoya, na kijiji kizima hakikuwa na mwingine. Lakini kila aliyetaka kumwazima alitozwa nusu ya vifaranga.

Nyamizi hakuomba jogoo. Alikwenda kwenye kinu cha Mkilanya cha kukamulia alizeti, akaomba mashudu yanayobaki mafuta yakishatoka, awalishe kuku wake.

“Bure?” Mkilanya akafoka. “Kuku wako wanenepe kwa jasho langu?”

“Basi, baba, mlete jogoo wako awe anakula nao. Mali yako itarudi tumboni mwa mali yako.”

Mkilanya akachekelea. Kila asubuhi alimbeba jogoo mwenyewe hadi bandani kwa Nyamizi, na jioni akarudi kumchukua, akimpapasa tumbo kuhakikisha kashiba.

Hata siku moja akakuta banda limejaa vifaranga, vyote shingo tupu.

“Nusu yangu iko wapi?” akanguruma.

“Nusu ya nini, baba? Mimi jogoo sikumwazima. Nilimkaribisha chakula tu. Hayo mengine ni shukrani zake.”